Sponji ya Mesaud

Zulikha alikuwa na kinyaa cha kuzaliwa nacho. Katika jengo lao zima pale mjini Konstantini hakuna aliyesugua ngazi kama yeye, wala aliyemaliza chupa za javeli upesi hivyo. Dawa ile ya kung'arishia nguo yeye aliifutia hata vitasa vya milango. Halafu mumewe, Mesaud, akamletea dimbwi sebuleni.

Tangi la kioo, maji, kokoto, majani, na samaki hakuna. Wiki zikapita. Kokoto zikaota utelezi wa kahawia, na chujio la maji linalonguruma pembeni likaanza kunuka tope. Zulikha akauliza samaki wenyewe wako wapi. Mesaud akamweleza kwamba samaki hawatiwi kwenye maji mapya, watakufa kwa sumu ya mavi yao wenyewe. Lazima kwanza sponji ya chujio ishike uchafu, maana humo ndimo wanamozaliana vijidudu vya kuila sumu hiyo.

"Yaani unafuga vijidudu," Zulikha alisema. "Hapa wanapokaa wageni wangu."

"Ndiyo, mama Nasima. Safisha vyote utakavyo, ila sponji usiiguse."

Alitamani kutapika, lakini akavumilia, kwa sababu moja. Tangu Mesaud astaafu kazi ya reli, alikuwa akishinda mkahawani na domino zake, na Zulikha akila peke yake mbele ya televisheni. Tangu lile dude liingie, mzee hatoki. Anakunywa kahawa nyumbani, anaongea, anacheka. Samaki walipokuja, wachache kwanza, wadogo wenye mstari mwekundu, alimwita mkewe aje kuona. Akaja, kaziba pua.

Idi ikakaribia. Mesaud alipokwenda kuchagua kondoo, Zulikha akashusha mapazia, akakunja mazulia, akaosha kila kitu, na bado harufu ya chujio ikawa inamfuata chumba hadi chumba. Akalifungua achungulie tu. Lo! Sponji imejaa ute mweusi unaovutika kama kamasi, ukamganda vidoleni. Mwili ukamsisimka mpaka kisogoni. Hakufikiri tena. Akaitosa kwenye ndoo ya javeli, akaisugua mpaka ikarudi manjano, akaisuuza weee, akairudisha mahali pake.

Siku ya Idi samaki walikuwa wanahema juu ya maji. Kesho yake wakaelea wote, matumbo juu. Mesaud akawatoa mmojammoja, kisha akafungua chujio, akaitazama ile sponji safi. Alivaa koti lake akaenda mkahawani, na jioni Zulikha akala nyama ya Idi peke yake, akaiona haina ladha kabisa.

Asubuhi alikwenda kwa muuza samaki wa kufuga kuomba sponji iliyotumika, iliyo chafu kuliko zote dukani. Muuzaji akamtazama mara mbili, akampa moja ndani ya mfuko wa maji yake yaleyale. Mfuko ukavuja njia nzima, maji meusi yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Ule mkahawa ni wa wanaume. Hakuna mwanamke wa mtaa aliyewahi kutia mguu. Zulikha akaingia moja kwa moja hadi mezani kwa mumewe.

"Baba Nasima," alisema, mkono kaunyoosha mbali na gauni, "twende nyumbani ukanionyeshe hii inatiwaje. Haraka, nisije nikatapika mbele ya watu."