Mlango wa Kushoto wa Nagaa

Mwaka wa 1973 watu wa Isiolo walikuwa bado hawajazoea kuona wanaume wawili wazima wamelala chali chini ya lori la mtu mwingine, tepu ya kupimia mkononi, wakibishana juu ya nusu inchi. Polisi wa kizuizi cha barabara ya kaskazini, pale malori ya Merti na Sericho yalipopanga foleni asubuhi, waliwahoji mara mbili. Mara ya tatu walicheka tu, wakawaacha na wazimu wao.

Mmoja alikuwa Bonaya, Mborana, mchoraji wa vibao vya maduka na maandishi ya milango ya magari. Mwingine alikuwa Lokwang, Mturkana, fundi wa bati. Mji mzima ulichota maji kwa ndoo zake na kuwasha koroboi zake. Kilichowakutanisha ni malori madogo. Usidhani ni yale ya waya ambayo watoto husukuma kwa kijiti. Haya yalikuwa malori yenyewe, yamepunguzwa tu: futi moja ya lori kubwa ilikuwa inchi moja ya lori dogo, na kukisia kulikatazwa.

Lokwang alikata bati la mikebe ya mafuta ya kupikia, akalikunja, akaliunga kwa lehemu, kisha akalipiga msasa mpaka likang'aa ili rangi ishike. Hapo kazi yake iliisha. Hakupeleka kitu kwa mtu. Bonaya ndiye aliyekuja kuchukua, na ilibidi aje siku hiyohiyo, kwa sababu bati lililopigwa msasa likilala bila rangi linaanza kutu. Siku ya rangi ilikuwa pia siku ya chai. Mkono wa kwanza wa rangi lazima ukauke kabla ya wa pili, na wanaume wawili wenye chai hawakosi mtu wa kumsengenya.

Sheria yao kubwa waliiita "kama ilivyo". Lori likirudi kutoka Sericho taa imevunjika, jioni ile lile dogo linashushwa rafuni kwa Bonaya na kung'olewa taa. Lile kubwa likibonyea, dogo linabonyezwa. Sheria ya pili haikusemwa kamwe, lakini waliishika kuliko hiyo: Bonaya hagusi nyundo, Lokwang hagusi brashi.

Viti na maturubai alishona Nakuam, mke wa Lokwang, kwa vipande vya nguo kuukuu. Aliwatania bila huruma.

"Shemeji," alimwambia Bonaya, "siku moja mtatengeneza na mimi, inchi tano na kidogo, mniweke hapo mbele nisafiri bure."

"Utalipa kama wengine," Bonaya alimjibu, na Lokwang akacheka mpaka lehemu ikamwagika.

Lori walilolipenda kuliko yote lilikuwa la mfanyabiashara Golicha, la kijani, jina lake Nagaa, ambalo kwa Kiborana ni amani. Bonaya mwenyewe ndiye aliyeandika jina hilo kwenye mlango wa lile kubwa, kisha akaliandika kwenye lile dogo kwa brashi ya unywele mmoja. Watu walikuja kuliangalia kutoka hata upande wa Kwarantini.

Aprili 1976 Nakuam alipanda Nagaa kwenda Merti na mzigo wa koroboi. Siku ya kurudi mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko juu. Upande huu wa kijiji cha Korbesa, laga moja, mto wa mchanga unaokaa mkavu mwaka mzima, ilijaa ghafla, ukingo ukamomonyoka, na lori likaanguka kwa ubavu wa kushoto juu ya mawe. Dereva alitoka. Waliokaa juu ya mzigo waliruka. Nakuam alikuwa amepewa kiti cha mbele cha kushoto kwa heshima, kwa sababu ni mke wa fundi anayejulikana.

Waliouleta mwili wake walimwambia Lokwang kwamba hakuteseka. Alienda kama mtu aliyelala, walisema, na Lokwang aliyashika maneno hayo kwa mikono yote miwili, kwa maana hakuwa na kingine.

Kwenye mazishi Bonaya alisema pole, akakwama. Shida yake ni kwamba hakuwahi kuongea na Lokwang jambo lolote zito bila lori dogo kati yao. Maneno ya kuanzia hapo hakuwa nayo. Siku ya tano mabaki ya Nagaa yalivutwa mpaka uani kwa Golicha. Bonaya alikwenda na tepu yake. Alipima kila kilichobonyea, akarudi nyumbani, akalishusha lori dogo rafuni, na kwa mara ya kwanza maishani akashika nyundo. Aligonga huku analia. Kuliacha zima, aliona, ni kumwambia rafiki yake kwamba hakuna kilichotokea. Alidhani Lokwang atalitazama na kujua kwamba kifo cha Nakuam hakikupitwa hivihivi, kwamba kuna mtu amekiangalia sawasawa. Ndivyo alivyodhani, masikini, na hakuna wa kumtetea.

Alimkuta Lokwang ameketi kwenye kigoda mbele ya kibanda chake, peke yake. Lokwang alilipokea lori kama alivyozoea, akaligeuza taratibu. Akajaribu kuingiza kidole mlango wa kushoto. Kidole hakikuingia.

"Nani amegonga hii?"

"Mimi."

"Umepima?"

"Nimepima. Kama ilivyo."

"Hapa, kutoka mgongo ya kiti mpaka dashibodi. Imebaki ngapi?"

Bonaya angeweza kusema sijui. Angepata miaka mingi ya kufikiria jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kusema sijui.

"Nusu inchi," alisema.

Lokwang hakuhitaji penseli. Alikuwa amegeuza inchi kuwa futi maisha yake yote. Alitazama mkono wake mwenyewe, akapima hewani nusu futi kati ya kidole gumba na cha shahada, akaiangalia nafasi hiyo kwa muda mrefu.

"Waliniambia alilala tu," alisema.

"Lokwang, ndugu yangu..."

"Bonaya, enda nyumbani."

Akaenda. Lori lilibaki mapajani mwa Lokwang.

Kutoka duka la Bonaya mpaka kibanda cha Lokwang ni mwendo wa dakika kumi, na Bonaya aliutembea mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa Agosti mwaka uleule. Alisimama ng'ambo ya barabara akijikaza kuvuka. Lokwang aliinua macho, akamwona, akasimama kutoka kwenye kigoda, akaingia ndani. Bonaya alilielewa hilo kama mtu yeyote angelielewa. Aligeuka akarudi alikotoka, na tangu siku hiyo akipita mjini alizunguka nyuma ya msikiti. Hakutengeneza lori tena. Yale mengine yalijaa vumbi rafuni, na magari yao makubwa yalibonyea na kupakwa upya na kuuzwa vyuma chakavu bila mtu wa kuyafuatilia. Alimkosa Lokwang. Alimkosa kila siku, na zaidi siku alizokunywa chai.

Miaka tisa ilipita hivyo. Septemba 1985 kifua kilimchukua Lokwang. Bonaya alihudhuria mazishi, akasimama nyuma kabisa, akaondoka kabla watu hawajaanza kusalimiana.

Wiki moja baadaye Aule, binti wa Lokwang, ambaye sasa alikuwa mwanamke mzima, aliingia dukani na boksi la sabuni kifuani.

"Habari, mzee."

"Nzuri, mama. Pole sana. Pole."

"Hii ni yako. Baba alikataza mtu kupaka kitu."

Ndani yake kulikuwa na Nagaa. Nyuma lilikuwa la kijani vilevile, limechakaa kidogo. Lakini sehemu ya mbele yote ilikuwa mpya, imekatwa na kukunjwa upya kwa mkono ambao Bonaya angeutambua hata gizani. Mlango wa kushoto ulifunguka na kufungika. Kiti kilikuwa kilekile alichoshona Nakuam. Bati lilikuwa tupu, linang'aa, halina doa moja la kutu. Bonaya alilibonyeza kwa kidole gumba, likanywea. Kwenye pembe ya mlango lilikuwa limetoboka, mwanga unapita.

"Mbona bati imekuwa nyembamba hivi?"

"Ni msasa," Aule alisema. "Alimaliza kutengeneza mwaka ile mama alikufa, hata miezi tatu haijaisha. Akasema wewe utakuja kuchukua, usikute kutu. Kila Jumamosi anapiga msasa, anapaka mafuta. Sisi tunamwambia, baba, si upeleke? Anasema, kazi yangu iliisha, sasa ni ya Bonaya."

"Nilikuja," Bonaya alisema. "Mara moja. Aliniona akaingia ndani."

"Najua, nilikuwa hapo. Aliingia kuileta. Kutoka, wewe hauko."

Bonaya alikaa chini. Alilia mbele ya mtoto wa rafiki yake bila kuficha uso, na Aule hakumwambia anyamaze.

Baadaye alitafuta mkebe wa kijani. Rangi ilikuwa imeganda juu. Aliitoboa, akaichanganya na tapentaini, akapaka mkono wa kwanza polepole, akiogopa kulitoboa bati zaidi. Mlango wa kushoto aliupaka mwisho. Kisha ilibidi kungoja, kwa hiyo aliagiza chai vikombe viwili, akamsogezea Aule kigoda.

Wakati rangi inakauka alichukua tepu. Alifungua ule mlango kwa ukucha, akapima kutoka mgongo wa kiti mpaka dashibodi. Katika Nagaa la kweli, kabla halijaanguka, ilikuwa futi mbili na nusu, yaani inchi mbili na nusu kwa lile dogo. Kipimo hicho hakukisahau. Alipima tena, na mara ya tatu. Lokwang alikuwa ameacha inchi tatu na nusu.