Kibanda cha Babu Pekeyake Hakibomolewi

Pigo la kwanza la nyundo lilimuuma kuliko talaka, na Mama Lipu alikuwa na uzoefu wa vyote viwili. Bamba la simenti lenye upana wa sinia liliachana na ukuta, likaanguka miguuni pake na kupasuka vipande vitatu. Alikiokota kile kikubwa, akakipapasa. Laini kama yai. Katika miaka yake thelathini na moja ya kupiga lipu nyumba za watu, hakuwahi kupiga nyingine nzuri kama hiyo.

"Umependeza," alikiambia. "Lakini umeniaibisha. Toka."

Akakitupa, akainua nyundo tena.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Saa nne tingatinga la halmashauri lingefika kukivunja kibanda, na kosa lilikuwa lake yeye. Hilo hakumficha mtu.

Kibanda chenyewe kilikuwa hatua arobaini kutoka mtoni, juu ya kinundu cha ardhi katikati ya vichaka. Miti, fito na udongo, basi. Paa la nyasi lilishuka chini kiasi kwamba kila aliyeingia aliinama kwanza, awe mkubwa au mdogo. Aliyekijenga walimwita Babu Pekeyake. Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyelijua. Aliishi pale miaka arobaini bila mke, bila mbwa, bila redio. Mara moja kwa mwezi alikwenda mjini, na maneno yake dukani yalikuwa mawili: "chumvi" na "viberiti". Siku akiwa na furaha aliongeza "haya". Kwa nini alijitenga na watu? Mjini walikuwa na sababu saba, zote tamu, zote za kutunga. Mara aliua, mara aliachwa, mara alimwona jini akiwa anaoga.

Mama Lipu hakuwa na sababu ya nane. Alichokuwa nacho ni asubuhi moja, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mimba ya miezi mitatu, furushi la nguo na mgongo uliochorwa kwa mkanda wa mume. Alikuwa ameketi ukingoni akiyatazama maji jinsi maji yasivyofaa kutazamwa. Babu alitokea nyuma yake, akatua karai la udongo uliokwisha kukandwa.

"Ukuta wa nyuma umechubuka," alisema, akaenda zake.

Si pole, si una nini, si wazazi wako wako wapi. Karai tu. Yule binti alilitazama karai, akautazama mto, akaona kwamba mto hauna haraka lakini udongo utakauka. Akainuka. Alikandika siku tatu, akilala ndani huku Babu akilala nje. Siku ya nne mzee aliupitisha mkono ukutani, akasema, "Haya." Mpaka leo Mama Lipu hana cheti kingine cha ufundi anachokionea fahari, ingawa halmashauri ilimpa kimoja chenye picha na muhuri.

Babu alipofariki, wengine walileta maua. Yeye alileta simenti. Mtu wa simenti akipenda, hupenda kwa simenti. Aliukwangua udongo wa juu, akapiga lipu kuta zote nne kwa siku mbili, akasimama kuitazama kazi yake na kulia kwa raha. Udongo huhitaji kukandikwa kila baada ya mvua. Lipu yake isingehitaji mtu tena. Kibanda kitakaa milele, alijiambia.

Milele hiyo ilidumu misimu miwili ya mvua. Unyevu ulipanda kutoka ardhini kama ulivyozoea, ukapita kwenye udongo, ukafika nje na kukuta mlango umefungwa. Ukakaa humo humo. Ukuta wa nyuma, ule ule, ukaota kitambi. Afisa wa majengo akapita na pimamaji lake, akatikisa kichwa, akagongomea tangazo mlangoni: *Jengo bovu, limetelekezwa, ni hatari kwa umma.* Na tarehe ya leo.

Ilipofika saa tatu kuta tatu zilikuwa zimevuliwa. Kelele za pikipiki zikasikika njiani. Alikuwa mdogo wake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mwenyekiti wa Kamati ya Kumkumbuka Babu, kwapani ana karatasi iliyoviringishwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kusaidia au kuhesabu majeruhi?"

"Nimekuja na habari njema." Akaifungua karatasi juu ya kiti cha pikipiki. "Tumekubaliana na halmashauri. Hiki wanavunja, sawa. Lakini wanatupa kona pale getini kwao, tunajenga mfano wake. Matofali, bati lililopakwa rangi ya nyasi, na mbele sanamu ya Babu anapunga mkono."

Mama Lipu aliisogeza miwani.

"Babu anapunga mkono?"

"Kuwakaribisha wageni."

"Babu huyu huyu? Aliyekuwa akiona mgeni anatorokea mlango wa nyuma?"

"Kibanda hakina mlango wa nyuma, dada."

"Siku ulipokuja na wenzako wa kwaya alitoboa." Akarudi ukutani. "Na hayo matofali yanatoka duka gani?"

Mwenyekiti alikohoa. "Kuna mtu atajitolea kwa bei nafuu."

"Nilijua tu mtu huyo anafanana na mama yangu."

"Cheka, dada, lakini wahenga hawakukosea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Mimi niliziba, mdogo wangu. Niliziba vizuri sana, ndiyo maana ukuta unaanguka. Wahenga wako hawakuwa mafundi."

Mdogo wake alishusha sauti. "Watu wanasema Mama Lipu anabomoa lipu yake mwenyewe. Wanakucheka mji mzima. Kesho watakuita kichaa."

"Niliitwa tasa nina mimba tumboni. Nikaitwa mwanaume kwa kushika mwiko. Kichaa ni kupandishwa cheo." Akapiga nyundo. "Mkitaka sanamu, jengeni. Lakini msiniambie huyo ni Babu. Babu ni huu udongo. Mtu akifika hapa amevunjika, anaupaka, anaondoka na mikono inayojua kitu. Getini kwa halmashauri atapaka nini? Foleni?"

Mdogo wake aligeuka kutazama njiani. Maana tingatinga lilikuwa limefika, nusu saa kabla ya wakati. Serikali huchelewa kwa kila kitu isipokuwa kuvunja.

Afisa wa majengo alitangulia kwa miguu, kijana wa kofia ngumu na viatu vinavyong'aa. Nyuma yake dereva, bonge la mtu, alisimamisha mashine na kuiacha ikinguruma.

"Mama, tafadhali, toka hapo."

"Kwanza salamu, mwanangu. Hata mwizi hubisha hodi siku hizi."

"Shikamoo, mama. Toka hapo."

"Marahaba. Nimebakiza bamba moja."

Lilikuwa bamba la ukuta wa nyuma, kwenye kitambi chenyewe. Alipachika tindo pembeni, akagonga mara mbili kwa upole, mara ya tatu kwa nguvu. Simenti ilifunguka yote kwa pamoja. Harufu ya chumba kilichofungwa siku nyingi ikatoka. Udongo wa ndani ulikuwa mweusi, umelowa, na fito zilionekana kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Nguzo moja ilikuwa imeoza chini. Ukuta ukalia kwa ndani, kriii, kisha ukanyamaza.

Hata Mama Lipu alirudi hatua moja.

"Umeona mwenyewe," afisa alisema. "Unaanguka wakati wowote."

"Haya, tuusubiri."

Alipindua karai, akalikalia, akaegemeza mgongo pale pale penye mbavu. Akajimiminia chai kutoka kwenye chupa.

"Dada!" mdogo wake alipiga kelele. "Una wajukuu!"

"Nao watahadithia."

Alitania, lakini hakuwa mjinga. Aliijua nguzo iliyooza kuliko wote waliokuwepo. Bonge la udongo lilimdondokea begani. Kama ukuta huu una kisasi, basi mwenye kosa si Babu wala kibanda, ni yeye. Alikunywa funda moja. Akahesabu fito mgongoni kwa uti wake: ya kwanza ngumu, ya pili ngumu, ya tatu ngumu. Alizifunga Babu kwa kamba za magome, na zilikuwa bado zinashika. Hakusogea.

Dereva alizima mashine. Mto ukasikika.

"Mbona umezima?" afisa aligeuka.

"Mimi nimetumwa kuvunja nyumba," dereva alisema, "sikutumwa kuvunja bibi."

"Mama, tangazo linasema jengo limetelekezwa."

"Na mimi hapa ni kivuli?"

"Unafanya nini, kwani?"

"Matengenezo." Alitoa tangazo kifuani, limekunjwa mpaka mikunjo imechanika, na kile cheti chenye picha. "Nimelisoma mara kumi hili tangazo lako. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nilitukana, mara ya tatu nikavaa miwani. Geuza nyuma. Kifungu cha sita. Nisomee, macho yangu yana simenti."

Kijana alikijua kifungu cha sita; ilionekana masikioni, yalivyobadilika rangi. Akasoma kwa sauti ya mtu anayemeza dawa: jengo lililo katika matengenezo chini ya fundi aliyesajiliwa lisivunjwe hadi matengenezo yakamilike.

"Fundi aliyesajiliwa na nani?" Mama Lipu alimwonyesha cheti. "Muhuri huo wa wapi?"

"Wetu."

"Haya."

Afisa alivua kofia, akajifuta jasho. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa fomu. Akatoa kalamu. "Sawa. Nguzo mpya?"

"Leo hii, kabla ya chakula cha mchana."

"Na matengenezo yatakamilika lini? Lazima niandike tarehe."

Mama Lipu alicheka mpaka chai ikamwagika. Lipu yake ya milele ndiyo iliyotaka kukiua kibanda. Udongo usiokwisha kazi ndio uliokuwa umekiweka hai miaka arobaini.

"Mwanangu, huu ni udongo. Mvua ikinyesha unachubuka, mtu anakandika. Ikinyesha tena, mwingine anakandika. Nikifa mimi, atakandika atakayekuja amechoka. Andika hivyo."

"Fomu haina nafasi ya hivyo."

"Basi andika 'yanaendelea'."

Kalamu ilisita juu ya karatasi. Akaandika. "Nitarudi baada ya mvua kukagua," alisema, akijaribu kukaza sauti.

"Rudi. Rudi kila mvua. Ila viatu hivyo acha nyumbani, hapa ukaguzi unafanyika kwa kukanyaga tope."

Mdogo wake alikuwa bado ameshika ramani ya sanamu. Mama Lipu alimtazama, hakusema kitu. Alijifunza kwa mtu aliyejua kutokusema. Mwenyekiti aliiviringisha karatasi yake, akaichomeka kwenye pikipiki, akaanza kukunja suruali.

"Maji yapo," alisema kwa hasira, kama amelazimishwa. "Udongo je? Karai moja halitoshi kuta nne."

Dereva alikuwa ameshuka, akizipima fito kwa jicho la mtu aliyekulia kwenye nyumba kama hiyo. Akajikuna shingo.

"Mashine imekodiwa mpaka saa kumi jioni," alisema, "na mimi sina pa kwenda."

Afisa alitazama mtoni, kana kwamba hakusikia.

"Kichuguu kile pale, nyuma ya mti uliolala," Mama Lipu alisema, akiinuka na kujikung'uta. "Udongo wake tu, usiniletee mawe. Na kata kona polepole, usije ukamalizia ulichokuja kuanza."