Mukono wa Kutoa Mifupa

Mimi Rosaria najua mbwa. Hilo usinibishie. Tangu Kapembwa anioe kule Kasenga, upande wa Congo, na kunivusha maji mpaka hapa Kabuta kando ya ziwa, hakuna mbwa aliyekwamwa na mufupa asiyeletwa kwangu. Mbwa wa huku chakula chao ni samaki tu: vichwa vya kambale, matumbo, miiba. Haipiti wiki bila mumoja wao kukwamwa. Wanaume wanamushika masikio, wanamutia kijiti kati ya meno asifunge mudomo, na mimi mwenye mukono mudogo naingiza vidole hadi kooni. Mufupa unatoka, mbwa anapigwa kofi la matako, anakwenda zake. Watu wakaniita daktari wa mbwa. Nilikuwa najifanya kukasirika, lakini jina lile nililipenda sana.

Sasa naogopa. Nasema wazi kwa sababu nimechoka kuficha. Leo ni siku ya hamsini na moja tangu niingize mukono huu ndani ya mudomo wa Sajini, na bado sijui kama nitaishi.

Sajini alikuwa mbwa wetu, mwekundu, mulinzi wa chanja la kukaushia samaki. Alikuwa na chuki na wageni wanaokuja kwa mutumbwi, na zaidi ya wote alimuchukia Nkonde, mununuzi wa samaki kutoka Chisenga. Nkonde akikaribia tu, Sajini alishuka mpaka majini kumutukana. Lakini asubuhi ile ya mwezi wa pili, mvua ikiwa imetulia kidogo, Nkonde alishuka, akafunga mutumbwi, akapanda hadi kwenye chanja, na mbwa kimya. Tulimukuta chini ya mutumbwi wetu uliopinduliwa, mudomo wazi, taya la chini limening'inia, mate yanadondoka kwenye muchanga. Nilimuita. Akaniangalia, akarudi nyuma zaidi gizani.

Kapembwa akasema ni mufupa. Nami nikasema ni mufupa. Nkonde alisimama mbali akasema mbwa huyu hamupendi yeye, mbona leo habweki, na mimi nikamujibu kwamba amekuja kununua samaki, basi anunue samaki, mambo ya mbwa ayaache kwa wenyewe. Ndivyo nilivyo, mudomo wangu unatangulia.

Sikiliza vizuri hapa, maana kama nikifa, ni hapa nilipojiua. Mbwa aliyekwamwa na mufupa hatulii. Anajikuna shavu kwa muguu wa mbele, anasugua mudomo chini, anakufuata wewe mutu akitaka umusaidie. Sajini hakuinua muguu hata mara moja. Alijificha tu. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu mawili, mimi daktari wa mbwa, na nikajiambia kwamba amechoka.

Kapembwa akamuvuta nje. Sikuhitaji hata kijiti, taya lilikuwa limelegea lenyewe. Niliingiza mukono hadi kifundo. Mbwa yeyote hapo koo lake linakubana vidole, anatapika, anapigana nawe. Sajini hakufanya kitu. Koo lilikuwa wazi tu, na mate yake mazito yakanijaa vidoleni, vidole vyenye michubuko ya miiba ya kambale niliowapasua alfajiri ile. Mwanamuke wa samaki hana mukono muzima. Nilitafuta kushoto, nikatafuta kulia, nikatafuta tena. Hakuna mufupa.

Kapembwa akasema labda umeshuka chini, unataka mukono mudogo zaidi. Nikamuita Mwila, mutoto wetu wa miaka minane. Alisema hataki, Sajini anamuangalia vibaya. Nilimukaripia mbele ya watu kwamba binti yangu haogopi mbwa wa nyumbani kwao. Kisha nikamushika kifundo cha mukono mimi mwenyewe, nikausukuma ndani. Alilia wakati wote. Akatoa mukono, jino limemukwaruza kidogo karibu na ukucha, na mufupa hakuna.

Hapo Nkonde akauliza kama mbwa amekunywa maji tangu jana. Hakuna aliyejua. Akasema polepole kwamba mukwe wake upande wa Congo alikuwa na mbwa wa mudomo kama huo, naye alimutafuta mufupa vilevile, na baada ya wiki tano walimuzika mukwe huyo. Siku zake za mwisho alikuwa analia akiletewa kikombe cha maji.

Nilimukokota Mwila hadi ziwani, nikasugua mikono yetu kwa sabuni, kisha kwa majivu, kisha kwa muchanga, hadi mutoto akapiga kelele kwamba ninamuchuna. Kapembwa alikuwa amekwisha kuchukua shoka. Nikamukataza. Nilitaka mbwa afungwe, nimuone. Akinywa, akila, akibweka, basi Nkonde ni muongo na mimi nitalala. Tukamufunga kwenye muti nyuma ya nyumba, nikaweka bakuli la maji kwa kulisukuma na fimbo. Sajini aliingiza mudomo kwenye maji, akaukalisha humo, akautoa. Maji hayakupungua. Alitaka kunywa na koo likakataa. Siku ya pili miguu ya nyuma ilikufa, akawa anatafuna kamba na muchanga. Siku ya tatu asubuhi Kapembwa alimukuta amekauka, akamuzika kabla sijaamka sawasawa.

Siku mbili zile niliketi tu nikisali mbwa apone. Sikwenda kliniki kwa aibu. Ningemuambiaje mutu kwamba mimi ndiye niliyesukuma mukono wa mutoto wangu? Alipokufa ndipo tulipanda baiskeli, Kapembwa akikanyaga, Mwila mbele, mimi nyuma, hadi Nchelenge.

Bwana dawa pale kliniki ni ba Watson, tunamuita ba kwa heshima, mutu mupole mwenye miwani. Alisikiliza, akafungua kabati, akatoa sanduku moja. Shindano kumi na nne, yaani sindano za tumboni, moja kila siku, za mutu mumoja. Akasema sanduku jingine litatoka Fort Rosebery, lakini mvua imebeba daraja, kamyo za mizigo hazipiti, labda wiki tatu, labda zaidi. Akasema pia kwamba ikiwa ni watu wawili, sheria aliyofundishwa ni kuanza na mwenye vidonda wazi, maana kichaa cha mbwa kinaingia kwa kidonda. Halafu akashika kalamu.

Mukono wa Mwila ulikuwa mezani, mukwaruzo wake umekauka, karibu hauonekani. Mikono yangu yenye vidonda kumi nilikuwa nimeizungushia kitenge.

"Ni nani aliyeingiza mukono?" aliuliza.

"Ni mutoto," nilisema. "Mutoto peke yake."

Mwila akanigeukia, akafungua mudomo. Nikamukanyaga muguu chini ya meza, kwa nguvu, na akaufunga. Kapembwa alikuwa nje na baiskeli, hakusikia.

Siku kumi na nne nilimushika mabega akichomwa. Tumbo lake lilivimba, likawa gumu, akawa ananichukia kwa macho kila tukifika mulangoni. Mimi nilikuwa nahesabu shindano tu. Ilipoingia ya mwisho, na sanduku likawa tupu, nilifungua kitenge, nikaweka mikono yangu mezani, nikamuambia ba Watson ukweli. Hakunitukana. Aliandika barua siku ileile kuomba sanduku la pili, akamupa mutu wa baiskeli aipeleke Fort Rosebery. Sanduku langu lilifika siku ya thelathini na saba. Jana nimemaliza. Nilimuuliza kama nimepona, naye si mutu wa kudanganya. Alisema dawa ilipaswa kutangulia, sasa inakimbizana na ugonjwa, na yeye hajui ni nani yuko mbele. Tungoje miezi mitatu.

Kapembwa alikuwa akidhani tulichomwa sote wawili, hadi nilipomuambia. Sasa anavua karibu na pwani tu, na kila saa anapanda kuniangalia, anajifanya amesahau kitu. Najua anachotafuta usoni mwangu. Siku moja nikamuketisha, nikamuambia: "Nikianza kukataa maji, unifunge nyuma ya nyumba. Kamba ngumu. Na Mwila umupeleke kwa dada yako kabla ya kunifunga." Alitoka nje akalia kwa sauti, mwanaume muzima. Lakini kamba aliinunua. Niliiona chini ya nyavu.

Hakuna anayekula kwenye sahani yangu wala kunywea kikombe changu, nimewakataza. Kikombe changu ni kile chenye rangi ya samawati, na kila asubuhi Mwila anakileta kimejaa maji. Hakuna aliyemutuma. Anakiweka chini, anarudi hatua tatu, anasimama hapo akiangalia koo langu. Kumuangalia mutu hivyo amejifunza kwangu, nilipokuwa namuonyesha mbwa muzima na mbwa mugonjwa.

Leo asubuhi niliamka vidole vya mukono huu vinawasha, hapa penye alama za miiba. Inaweza kuwa ni shindano. Inaweza kuwa ni woga, maana woga nao unawasha. Mwila akaleta kikombe. Nikakishika kwa mikono miwili. Niliogopa maji yale kuliko nilivyowahi kuogopa ziwa.

"Meza, mama," alisema.

Nikameza. Yalipita. Akaniambia nimeze tena, nikameza tena, na hayo nayo yalipita. Nilitaka kukiweka kikombe chini, lakini yeye alikuwa amekwisha kuja, hatua zote tatu, akakitoa mikononi mwangu na kukiinua mudomoni mwake. Nikapiga kelele akiache. Akayanywa maji yote yaliyobaki, akafuta mudomo kwa mukono.

"Mimi siwezi kufa," alisema. "Nilichomwa shindano zako."