Ng'ombe wa Baba

"Usicheke," Roz alisema. "Ukicheka kidevu kitabanduka, tuanze upya."

Darka Hnatiuk hakuwa anacheka. Alikuwa anapiga miayo. Tangu alfajiri alikuwa amekaa kwenye kiti kile huku Roz akimbandika vipande vya mpira kwa gundi: paji lenye matuta, mashavu ya magamba, kidevu kilichochongoka kama cha mbuzi. Watu walipokuwa wanakunywa chai yao ya saa nne, yeye alikuwa tayari mjane wa kabila la nyota ya mbali, katika tamthilia iliyotazamwa nchi nyingi. Mwaka wa tatu huo. Hajawahi kusema neno.

Nje, mvua ya Vancouver ilikuwa inanyesha kama inavyonyesha Novemba, bila hasira na bila dalili ya kukoma.

"Leo jioni ndiyo yenyewe?" Roz aliuliza.

"Ndiyo yenyewe."

Jioni hiyo, katika mkahawa mmoja wa Commercial Drive, atakuwepo bwana anayechagua wanamuziki wa tamasha la kiangazi. Kesho anarudi mashariki. Darka na rafiki yake Emile walikuwa wamemsumbua miezi mingi mpaka akakubali kuwasikiliza. Akiwapenda, watazunguka kiangazi kizima na fidla na gitaa, na Darka ataacha kuivaa sura ya watu wengine. Mwenye nyumba alikuwa amepandisha kodi tena, na ngozi ya taya lake siku hizi ilikuwa inachubuka kila gundi ilipotolewa.

Walikuwa na nyimbo za kutosha, lakini uliokuwa wa kumshika mtu ulikuwa mmoja. Darka aliutunga majira ya baridi baba yake alipouza shamba kule Saskatchewan. Ulianzia kwenye mwito ambao mzee alikuwa anawaitia ng'ombe jioni. Haukuwa na maneno. Kila alipoyatafuta, yalikuja ya uongo, akayaacha.

Nje ya chumba cha Roz, Emile alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, naye ana magamba, anakula mkate kwa kuuchovya kwenye kahawa ili asiharibu midomo.

"Mjane wetu mzuri," alisema alipomwona. "Nani amekufa leo?"

"Mfalme."

"Tena? Juzi si tulimzika?"

"Yule alikuwa kaka yake."

Studio yenyewe ilikuwa ghala la zamani lenye paa la bati. Walipangwa kuzunguka jeneza la plastiki, wakaambiwa wasubiri taa. Kusubiri ndiyo kazi kubwa ya watu kama wao. Darka alisimama, akaanza kuvuma ule wimbo kwa pua, taratibu, akiupitia kwa ajili ya jioni. Hakujua kwamba sauti yake inafika mbali.

Mwongozaji aligeuka. "Nani huyo?"

Darka akainua mkono.

"Hicho hicho," mwongozaji alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeokota kitu njiani. "Mjane aomboleze hivyo hivyo. Kamera imsogelee."

Darka aliona joto likimpanda chini ya mpira. Miaka mitatu, na leo kuna mtu amemsikia. Hakufikiri zaidi ya hapo. Kamera ilipowashwa aliuvuma wote, tangu mwanzo hadi mwisho, na mafundi wa taa wakaacha kutafuna.

"Mvua," alisema mtu wa sauti, akivua vifaa vyake vya masikioni. "Imetupiga kwenye bati. Hamna kitu humu, ni mvua tu. Turudie ikipungua."

Walipokuwa wanasubiri, Garth, msaidizi wa mwongozaji, alimjia Darka. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, asiyependa kugombana na mtu.

"Dada Darka, umetugusa kabisa. Ila nikueleweshe mapema, usije ukasikia kwingine. Kuvuma si kusema. Malipo yako yanabaki yaleyale, ya mtu wa kujaza picha."

"Na wimbo?"

"Wimbo upi?"

"Huu ni wangu, Garth. Nimeutunga mimi. Nataka kuupiga leo jioni mahali fulani."

Garth akajikuna shingo. "Sauti yoyote unayotoa ukiwa na sura hiyo, ikiingia kwenye tamthilia, ni ya kampuni. Unatia sahihi kila asubuhi. Wimbo ukishaingia humo, ukiupiga huko nje, watakuandama. Sijatunga sheria mimi, dada."

"Najua hujatunga."

"Basi usinifanye nijisikie vibaya, tafadhali."

Aliondoka. Emile alikuwa amesikia yote. "Vuma kingine," alinong'ona. "Wimbo wowote wa kanisani."

"Anautaka huo huo. Ameshausikia."

"Kataa basi."

"Nikikataa wataniita mkorofi, na wewe wanajua ni rafiki yangu."

Emile akatazama viatu vyake vya kizimwi. "Mimi niache. Nilikuwa naosha vyombo kabla ya haya, na vyombo bado vinachafuka."

Mvua ikapungua. Taa zikawaka. Garth akaita watu wanyamaze.

Darka alifungua mdomo. Alijua sheria moja ya kazi ile kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyomfunga mdomo miaka mitatu: atakayetamka maneno mbele ya kamera ni mwigizaji, na chama cha waigizaji kinataka alipwe kama mwigizaji. Katika bajeti ya siku ile hapakuwa na mwigizaji zaidi, kwa hiyo kipande chenye maneno kingetupwa. Akaimba. Maneno yaliyokuja hayakuwa ya mfalme yeyote. Yalikuwa yale aliyoyasikia utotoni, kwa lugha ya baba yake, akiwa amesimama getini na buti zilizompwaya.

"Lyska, njoo. Krasula, njoo. Mania, njoo, giza linaingia..."

Pembe ya mdomo wa mpira ikapasuka. Hakuacha. Kipande kikaning'inia shavuni, naye akaendelea kuita mpaka wa mwisho.

"Kata!" mwongozaji alisema. "Anasema nini? Ni lugha gani hiyo?"

"Ni ng'ombe," Darka alijibu.

Kicheko kimoja kikatoroka upande wa Emile, akajifanya anakohoa. Garth alikuwa ameshika kichwa. Alimnong'oneza mwongozaji, na mwongozaji akasikiliza akitazama saa. Hakukasirika. Hilo ndilo Darka alilolikumbuka baadaye, kwamba hakukasirika hata kidogo.

"Basi, mtoeni," alisema. "Tutampa mtu wa muziki atutengenezee kitu kama kile cha kwanza. Kama kile, si kilekile."

Garth alimsindikiza mlangoni. "Kesho usije, dada. Wala wiki ijayo. Samahani."

Roz alimvua ile sura haraka, kwa sababu jioni ilikuwa inakaribia, na haraka huchuna. Kila kipande kilikwenda kwenye pipa lenye kufuli, wasije watu wakakiuza. Kidevu kilipotoka, Darka aliuma meno.

"Umebaki na gundi hapa," Roz alisema.

"Iache. Hiyo nawaibia."

Emile alimkuta kwenye kituo cha basi, shingo bado ina rangi ya kijani. Walifika mkahawani wamelowa. Yule bwana wa tamasha alikuwa tayari amevaa koti, akaketi tena upande upande, kama mtu atakayeondoka wakati wowote.

Darka aliweka fidla chini ya kidevu, mbao zikagusa kidonda, akaishusha. Akaiegemeza kifuani. Watu wawili watatu walitazama ule ukoko wa gundi uliozunguka taya lake. Emile akapiga nyuzi za kwanza.

Hakujua kama bwana yule angebaki hadi mwisho, wala kama mwakani yeye mwenyewe angewasha televisheni na kusikia kitu kama kile kikitoka kwenye kinywa cha mjane mwingine. Alifumba macho, akawaita ng'ombe mmoja mmoja kwa majina yao, wote waliouzwa.