Saa Nne ya Baba Mkubwa

Jina la Chaki alipachikwa na Baba Mkubwa, siku ile aliposikia kwamba binti wa mdogo wake anakwenda chuo kikuu kusomea hesabu.

"Hesabu tupu?" aliuliza, kama mtu aliyeletewa chai bila sukari. "Mwisho wake ubaoni, unakohoa vumbi."

Binti akamtajia kampuni za bima, utabiri wa hali ya hewa, mitandao ya simu, watafiti wa dawa. Baba Mkubwa alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo utafundisha darasa la ngapi?"

Yeye ndiye aliyekuwa akimsomesha, kwa hiyo sharti lake halikuwa na rufaa: likizo hii Chaki aende mafunzo kwa vitendo kwenye kliniki ya mtaani. Asipoonyesha kazi moja iliyofanywa na hesabu, akirudi chuo ahamie uuguzi.

"Mtu wa hesabu? Safi sana," alisema mganga mfawidhi, mkuu wa kliniki. "Nihesabie viti."

Akahesabu viti. Kesho yake akapewa mtoto wa mfawidhi, ana mtihani wa kuzidisha. Chaki alimfundisha huku damu ikimchemka. Alikuwa amekesha muhula mzima na nadharia ya foleni, na nje ya dirisha foleni yenyewe ilikuwa imekaa sakafuni, miguu imevimba.

Kwani kadi za wagonjwa wote wa presha na sukari ziliandikwa neno moja: asubuhi. Basi wazee walifika giza halijatoka, wakagombea benchi moja, wakimngoja daktari mmoja. Kufika mchana, daktari anapiga miayo peke yake.

"Nani aliwaambia waje wote kwa pamoja?" Chaki alimuuliza nesi wa mapokezi.

"Sisi."

"Kwa nini?"

"Ili daktari asikae bure, mdogo wangu."

"Ila wao wakae bure?"

Nesi alianza kucheka, kicheko kikaishia njiani.

Wiki nzima Chaki alipima kila mgonjwa anachukua muda gani kwa daktari, akapiga hesabu zake, akampa kila mmoja saa yake. Mfawidhi aliidhinisha bila kuangalia. "Ikiharibika, ni yako," alisema.

Siku ya jaribio kadi ya Baba Mkubwa, mtu wa presha, ilisema saa nne. Akafika alfajiri kama kawaida yake, na mto wa kukalia kwapani. Saa tatu wakaanza kumpita watu waliooga, wakanywa chai, wakaja wakitembea taratibu. Wa kwanza alimvumilia. Wa tatu alimfanya asimame.

"Hapa pana rushwa," alitangaza. "Huyu nimemwona akishuka daladala sasa hivi. Nani kapanga upuuzi huu?"

Chaki alitoka mapokezi. "Mimi, Baba Mkubwa."

Hapo ndipo alipoliona kosa lake. Katika hesabu zote zile aliwawekea nafasi wachelewaji. Wanaowahi hakuwakumbuka hata kidogo.

"Wewe?" Baba Mkubwa alimsema mbele ya benchi zima, toka chekechea hadi chuo, asibakize kitu. Kisha saa nne ikagonga, na nesi akaita jina la Baba Mkubwa. Mzee akatazama saa ya ukutani, akatazama benchi nyuma yake. Lilikuwa na watu wawili.

Wakati huo huo mfawidhi aliingia na mkaguzi wa afya, akimwonyesha ukumbi kwa mkono ulionyooshwa. "Unaona palivyotulia? Utaratibu huu nimeubuni mwenyewe."

Chaki alifungua mdomo, lakini Baba Mkubwa alimwahi.

"Umebuni nini?" Baba Mkubwa alisema. "Mwanangu nimemtukana hapa nusu saa kwa ajili ya utaratibu huu. Waulize hawa. Matusi yale yalikuwa yako, mbona hukuja kuyachukua?"

Benchi likaangua kicheko. Mkaguzi akamgeukia Chaki. "Ulifanyaje?"

Akaanza kueleza, akimwonyesha saa zilizoandikwa kwenye kadi.

Ndani, daktari alimfunga Baba Mkubwa kipimo mkononi, akakunja uso. "Mzee, presha imepanda sana leo. Kuna nini?"

"Kamuulize mwanahesabu wangu," alisema Baba Mkubwa. "Yuko pale nje, kazini."