Picha ya Benchi la Tisa

Mume wangu Barnaba alinipa kazi moja tu kwa ajili ya siku ya kuanua matanga: kutafuta picha ya binti yetu Fabiola. Viti, vinywaji na padri vilikuwa kazi yake na ndugu zake. Kwetu watu hawawezi kuja kumaliza kilio cha mwaka mzima wakakuta meza haina uso wa marehemu. Lakini Fabiola alikufa kwa malaria mwezi wa tatu mwaka jana, akiwa na miaka minane, na mwezi wa tano ziwa likapanda, likaingia nyumbani kwetu Gatete, likakaa humo wiki sita. Albamu ilitoka kama uji. Simu iliyokuwa na picha zake nayo iliishia majini.

Ndipo nikakumbuka wale watu wa michoro. Ni shirika linalofundisha watoto kuchora, shule hadi shule kando ya ziwa, na kila wanapopita hupiga picha. Ofisi yao iko Rumonge mjini, nyuma ya soko. Nilimkuta Kornelia, msichana anayetunza picha zao zote katika masanduku.

"Amahoro, mama. Nikusaidie nini?"

"Natafuta mtoto wangu. Alichora nanyi kabla hajafa."

Alinisogezea kiti. "Pole sana, mama. Lakini picha zetu hazina sura."

Sikuelewa mpaka alipofungua sanduku. Sheria ya shirika inakataza kuonyesha nyuso za watoto, kwa hiyo kila mtoto hupigwa picha akiwa ameinua mchoro wake mbele ya uso. Kila kadi ilikuwa ya benchi moja, watoto wawili. Somo lilikuwa kumchora jirani yako. Basi katika kila picha watoto walikuwa wamebadilishana vichwa: huyu amevaa uso wa yule, yule amevaa wa huyu. Mamia yao, macho ya penseli, wote wakinitazama. Chini ya karatasi kulikuwa na vidole vya kweli na magoti ya kweli yenye vumbi.

Fabiola nilimjua kwa sweta niliyomfumia mwenyewe. Uso wake basi ulikuwa juu ya shingo ya jirani yake, Boaz. Boaz alikuwa amechora duara, nukta mbili na mstari.

"Hiki ni kiazi," nilisema.

Kornelia alijizuia, akashindwa, akacheka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu tumzike. Halafu nikalia.

Akaniacha na sanduku. Niliendelea kupekua kadi, si kwa kutafuta chochote. Nikafika kwenye kadi ya shule moja ya Kabonga. Benchi lilikuwa na mtoto mmoja tu. Alikaa pembeni kabisa, karibu aanguke, kama mtu aliyebanwa. Na karatasi aliyoishika ilikuwa na Fabiola.

Kovu lilikata nyusi ya kushoto, pale alipoangukia baiskeli ya baba yake. Uzi wa kutogea ulikuwa kwenye sikio moja tu, kwa sababu lile jingine lilitunga usaha nikautoa uzi wake. Na mdomo wa chini ameuuma, kama alivyofanya kila akifikiri.

Tarehe ilikuwa ya mwezi wa kumi. Miezi saba baada ya kaburi.

"Huyu alikaa na nani?" nikauliza.

Kornelia akasoma nyuma ya kadi. "Iko imeandikwa, benchi la tisa, mwanafunzi mumoja."

"Amemchora nani, basi?"

"Watoto wanafanana, mama." Lakini kadi aliirudisha mezani kifudifudi.

Kadi haziruhusiwi kutoka ofisini, na michoro yenyewe walikuwa wamewaachia watoto. Hiyo ilikuwa Jumanne. Matanga yalikuwa Jumamosi. Jumatano asubuhi nilikwenda Kabonga.

Mwalimu Pontiani alinipokea wakati wa mapumziko, nikamuulizia mtoto wa benchi la tisa. "Irakoze? Wazazi wake wamerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Anaongea Kiswahili cha kule, wenzake wanamucheka, hakuna anayetaka kukaa naye. Siku ya michoro nilimupa kioo ajichore mwenyewe. Akanirudishia. Akasema hakihitaji."

Nilimkuta darasani peke yake, pembeni mwa benchi lake, anakula muhogo wa kuchemsha. Wasichana watatu walikuwa wameegemea dirisha kwa nje.

"Weye Mutanzania! Mama huyo amekuja kukurudisha kambini?"

"Ubebe na muhogo wako!"

Hakuinua kichwa. Nilizunguka ili nikae karibu naye.

"Shikamoo, mama. Usikae hapo, utamkalia."

Nilibaki nimeinama, mkono juu ya ubao wa benchi. Ubao ulikuwa na joto, na jua lilikuwa upande mwingine wa darasa.

"Anaitwa nani?" niliuliza.

"Hajaniambia. Hasemi sana. Ila hanicheki."

"Ule mchoro bado unao?"

"Mama aliuchoma. Alisema nimechora mzimu."

Nilikwenda kwa mwalimu nikaomba karatasi na penseli. "Nichoree tena," nilimwambia. "Mimi ni mama yake."

Alinitazama, akageuka upande wa pili kama anayeomba ruhusa, kisha akaanza. Kila baada ya mistari michache aliinua macho kutazama pale patupu, daima kwa kimo kilekile. Mara moja akasema taratibu, "Tulia." Hakuwa akisema nami.

Nilitazama alikotazama. Niliona mbao, herufi zilizochongwa kwa wembe, na sisimizi mmoja aliyetembea ukingoni hadi katikati ya benchi, akasimama, akarudi alikotoka.

Alipomaliza akanipa karatasi. Ulikuwa uso wa mwanangu, wote. Ila macho hayakutazama mbele. Yalitazama juu, upande wa ukuta, pale niliposimama.

"Kwa nini anaangalia juu?"

"Anakuangalia wewe."

Kengele ililia. Niliuweka mchoro katikati ya daftari aliloniazima mwalimu ili usikunjike. Nilitaka kusema neno kwa ile nafasi, hata jina tu. Watoto waliingia wakisukumana, wakajaza mabenchi wawili wawili, nami nikarudi nyuma hadi mlangoni.

Irakoze alikuwa akitazama mlangoni. Hakunitazama usoni. Alitazama kando yangu, karibu na kiuno, akamfuata kwa macho yule aliyemwona hadi nje ya kizingiti. Kisha akafuta nafasi iliyokuwa karibu naye kwa kiganja, akasogea, akakaa katikati ya benchi.