Waya Uliokatwa Mtera

Mvua za mwanzoni mwa mwaka tisini na nane zilipolijaza bwawa la Bahi mpaka barabara ikapotea, boti pekee ya injini upande ule ilikuwa ya Generosa na Thobias. Wote wawili walikuwa mafundi wa karakana ya serikali mjini Dodoma kwa miaka kumi na saba, Generosa wa injini, Thobias wa umeme, hadi barua za kupunguzwa kazi zilipowakuta siku moja. Thobias ndiye aliyemsimamia Erick, mwanawe Generosa, siku ya ubatizo. Na ndiye aliyeigundua boti ile kuukuu kule Mtera, mali ya mradi uliokwisha kufa, akatangulia kuikagua wiki nzima kabla ya kumwita mwenzake.

"Mama Erick, injini hii nzima," alimwambia. "Tazama geji ya joto. Mshale haujatikisika."

Generosa alitazama. Mshale ulikuwa umetulia katikati. Akaridhika, wakainunua na kuileta Bahi.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, Petro, mkulima wa mpunga, alimleta mkewe Evodia, uchungu umemshika tangu alfajiri, avushwe kwenda kituo cha afya. Thobias alikuwa kwake mtaa wa Kikuyu, mjini Dodoma, anaumwa malaria. Generosa akashika usukani peke yake, akaenda kwa kasi yote bila kupumzika. Katikati ya matete injini ilinuka chuma cha moto, ikakoroma, ikafa. Akatupa jicho kwenye geji: mshale katikati, umetulia vilevile.

Yeye na Petro waliisukuma boti kwa miti mpaka jua likaanza kushuka. Mtoto alizaliwa humo humo. Akalia mara mbili, akanyamaza moja kwa moja.

Petro hakumlaumu. Aliuliza tu, "Dada, hukuona kama inachemka?"

"Sikuona," alijibu Generosa.

Kulipokucha alirudi botini na bisibisi. Injini ilikuwa baridi kabisa, lakini alipofungua swichi tu, kabla hata ya kuiwasha, mshale ulipanda hadi katikati ukasimama. Akauchomoa waya kwenye kihisi joto kilicho juu ya injini. Mshale ulipaswa kushuka, haukushuka. Akaugusisha waya huo kwenye chuma. Mshale ulipaswa kukimbilia mwisho, haukusogea. Basi geji haikuwa inasoma injini. Ilikuwa inasoma kitu kingine.

Akafungua ubao wa mbele. Waya unaotoka kwenye injini ulikuwa umekatwa na ncha yake kufichwa nyuma ya nyaya nyingine. Mahali pake palikuwa na rizista, kipande kidogo cha kupunguza umeme, kama punje ya choroko, iliyounganishwa ili mshale usimame palepale siku zote. Viungo vyake vilifungwa kwa uzi uliopakwa nta ya mshumaa. Miaka ile ya shida, tepu ya umeme ilipokuwa haipatikani madukani, karakana nzima iliunga nyaya hivyo. Siku hizi tepu imejaa kila duka, na fundi mmoja tu hakuwahi kuuacha uzi wake.

Generosa alikaa chini. Alijaribu kumfikiria mtu mwingine. Hakumpata.

Akauunga waya wa kweli, akawasha. Haikufika nusu saa, mshale uliingia kwenye nyekundu.

Siku hiyo hiyo alikwenda Kikuyu. Anjelina, mke wa Thobias, alimletea kiti, lakini Generosa hakukaa. Alimweleza Thobias yaliyowapata Petro na Evodia, kisha akamwekea ile rizista kiganjani.

"Hii yako?"

Thobias aliigeuza kwa kidole. "Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Tukishapata pampu nyingine ya maji ya kupozea injini. Ile imechoka. Ungejua ungekataa, Mama Erick. Na mimi nilishakaa nyumbani miaka miwili, watu wananisalimia kwa huruma."

"Ningekataa, ndiyo." Kisha akakumbuka jambo, sauti ikamshuka. "Kumbe ndiyo maana wewe ukiendesha unazima kila baada ya muda kidogo. Uliniambia unabana dizeli."

Thobias alimrudishia ile rizista.

"Wewe ulikuwa unaipoza. Mimi ukaniacha niende hivyohivyo."

"Usimwambie Petro," alisema Thobias. "Tuitengeneze kimyakimya. Nakuomba kwa ajili ya Erick, mtoto tuliyembatiza."

"Ninakwenda kwa Petro sasa. Twende pamoja ukaseme mwenyewe. Usipokuja, nitakutaja."

Hakuinuka.

Nyumbani kwa Petro, Generosa alikaa kwenye mkeka akaeleza yote, pamoja na kosa lake: kwamba yeye, fundi wa injini, alimwamini mtu kiasi cha kutokagua kazi yake. Petro alimwomba arudie lile jina. Kisha Generosa aliingia ndani, Evodia alikokuwa amelala akiutazama ukuta.

"Yeye alijua?" aliuliza Evodia bila kugeuka.

"Alijua."

"Na wewe?"

"Mimi sikujua, mdogo wangu."

Evodia alimwomba maji, na Generosa akamnyanyua kichwa akamnywesha.

Pasaka ilipofika, Erick aliuliza kama baba yake wa ubatizo atakuja kula nao kama kila mwaka. Generosa alimketisha, akamweleza kila kitu kama kilivyotokea, bila kupunguza. Halafu wakala, wawili tu.